Alimtolea dada yake damu, mbona harudi?

*Familia za Mwazye hufunga safari kumfuata mgonjwa wao hospitali na kumchangia damu bila kubembelezwa. Baada ya hapo, wengi hawaonekani tena.*

Mama akijifungua na damu isikatike, mkunga wa zahanati hana muda wa kusubiri. Mwanamke anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kupoteza maisha ndani ya saa mbili asipohudumiwa. Kwa mkazi wa Mwazye, kata ya Wilaya ya Kalambo kwenye uwanda wa Ufipa, saa hizo huhesabiwa barabarani: kwenda Matai, makao makuu ya wilaya, au hadi hospitali ya rufaa ya mkoa wa Rukwa mjini Sumbawanga.

Gari la wagonjwa huondoka na mgonjwa, mhudumu na ndugu mmoja. Wengine hufuata kwa bodaboda, au kwa gari la mizigo lililopatikana kwa bahati. Hawaendi kumpelekea uji tu. Wanajua kuna swali linawasubiri: ndugu wa kuchangia damu mmekuja wangapi?

Ndipo kaka wa mgonjwa, aliyetoka shambani bila hata kubadili nguo, hukunja mkono wa shati. Shemeji hufuata, kisha jirani wa jumuiya moja. Hakuna aliyewahubiria, hakuna bango wala fulana. Wanapimwa, wanatoa, wanarudi kukaa kwenye benchi la wodi kusubiri habari.

Miezi mitatu ikipita, kaka huyo anaruhusiwa kuchangia tena. Mara nyingi harudi, na kwenye semina na ripoti huingizwa katika kundi la wananchi wasio na mwamko. Naona tunamkosea. Mtu huyu amekwisha kushinda woga wa sindano, amekubali kupimwa, amelala kitandani na kutazama damu yake ikijaza mfuko. Kinachotakiwa kuulizwa ni nani alimwita tena.

> Amekwisha kushinda woga wa sindano na kukubali kupimwa. Nani alimwita tena?

Chupa 42 kila siku

Shirika la Afya Duniani (WHO) limekuwa likitumia kipimo rahisi: nchi ikusanye walau chupa moja ya damu kwa mwaka kwa kila watu 100. Sensa ya 2022 iliikuta Rukwa na watu 1,540,519. Kwa kipimo hicho mkoa unahitaji chupa zipatazo 15,400 kwa mwaka, yaani 42 kila siku inayokucha, Jumapili na sikukuu zikiwamo.

Takwimu za WHO zinaonyesha kuwa nchi tajiri hukusanya chupa 31.5 kwa kila watu 1,000, na nchi za kipato cha chini hukusanya 5. Hata wanaoongezewa damu si wale wale. Kwa matajiri, wengi ni wazee waliovuka miaka 60. Katika nchi za kipato cha chini, hadi asilimia 54 ni watoto wa chini ya miaka mitano.

Rukwa tunawajua watoto hao. Malaria ya huko bondeni, kwenye Ziwa Rukwa na mwambao wa Tanganyika, huwapandisha hospitali wakiwa viganja vimekwisha kuwa vyeupe. Wapo wenye selimundu, ambao kuongezewa damu ni sehemu ya maisha yao. Wapo majeruhi wa bodaboda na malori wa barabara ya Tunduma–Sumbawanga.

Halafu wapo akina mama. Katika miaka ya karibuni Serikali imepanua vituo vya afya na kuvipa vyumba vya upasuaji, na vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa kitaifa wa 2015–16 hadi 104 katika ule wa 2022. Ni hatua ya kujivunia. Lakini kila chumba kipya cha upasuaji kinaongeza hitaji la damu kwenye jokofu lililo jirani nacho, na damu hiyo hakuna kiwanda kinachoitengeneza.

Tena haikai. Kwenye mfuko wa kawaida, ikihifadhiwa kati ya nyuzijoto 2 na 6, hudumu siku 35. Chupa zinazokusanywa kwa shangwe tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, mwisho wa Julai zimekwisha muda wake.

Serikali inataka hiari

Kabla ya 2004 kila hospitali nchini ilijitafutia damu yenyewe, na kujitafutia kulimaanisha kuwageukia ndugu wa mgonjwa. Mwaka huo ulianzishwa Mpango wa Taifa wa Damu Salama, kwa msaada mkubwa wa fedha za Marekani za kupambana na UKIMWI. Vikajengwa vituo vya kanda. Rukwa iko chini ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, kituo chake kikiwa Mbeya. Kila chupa hupimwa virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina ya B na C, na kaswende.

Msimamo wa mpango huo ni wa dunia nzima. Mkutano Mkuu wa WHO wa 1975 uliziomba nchi zijenge huduma ya damu juu ya wachangiaji wa hiari wasiolipwa, na mwaka 2009 tangazo lililotolewa Melbourne, Australia, likaweka lengo la kufikia asilimia 100 ifikapo 2020.

Hoja yao ina uzito. Ndugu aliyebanwa na familia anaweza kuficha yale ambayo angeyasema kama asingekuwa na mgonjwa wodini. Na familia isiyo na watu wa kutosha inaweza kumtafuta kijana nje ya geti, ikamlipa kimyakimya na kumwita binamu.

Upande wa pili wapo madaktari wa hospitali za pembezoni, na wapo watafiti. Imelda Bates wa Liverpool na wenzake walionyesha mwaka 2007 kwamba damu ya hiari inayokusanywa na vituo vikuu Afrika hugharimu mara mbili hadi tano ya ile inayotolewa na ndugu hospitalini. Jean-Pierre Allain wa Cambridge, aliyefanya kazi miaka mingi na wenzake wa Kumasi, Ghana, akaandika mwaka 2011 kuwa ndugu anayechangia mara ya kwanza na mtu wa hiari anayechangia mara ya kwanza hawatofautiani sana kwa maambukizi. Damu iliyo salama zaidi, alisema, ni ya anayerudi.

Hapo ndipo ninaposimama. Tumebishana miaka mingi juu ya jina la mchangiaji wa siku ya kwanza, ndugu au hiari, na siku ya pili tumeiacha bila mwenyewe. Fedha za Marekani zilipopungua, kazi ya kukusanya damu iliangukia zaidi mikoa na halmashauri, ambazo mafuta ya gari tu huzisumbua. Kwa halmashauri ya namna hiyo, mtu aliyekwisha kujileta mwenyewe maabara ni hazina.

> Damu iliyo salama zaidi ni ya anayerudi.

Msomi aliyepita Tanganyika

Kitabu kilichojadiliwa sana duniani kuhusu sababu za watu kutoa damu kiliandikwa na Mwingereza Richard Titmuss na kutoka mwaka 1970. Wasomaji wengi wa Tanzania hawajui kwamba mtu huyo aliwahi kutuandikia sisi. Yeye na wenzake wanne ndio walioandaa ripoti kuhusu huduma za afya za Tanganyika, iliyokabidhiwa Serikali na kuchapishwa mwaka 1964, nchi ikiwa bado changa.

Titmuss alizilinganisha Uingereza, ambako damu ilitolewa bure, na Marekani ya siku zile, ambako masikini na walevi waliiuza. Akaona damu ya bure ilikuwa salama zaidi, na haikuwa ikipotea ovyo. Kwake, jamii inayompa mtu nafasi ya kumsaidia asiyemjua inakuwa jamii bora.

Lakini aliwauliza pia maelfu ya wachangiaji wa Uingereza kwa nini walianza. Baadhi walitaja ubinadamu. Wengine walisema waliitikia tangazo, au rafiki kazini aliwashika mkono. Wengine walikuwa wanalipa deni: mama au mtoto wao aliwahi kupona kwa damu ya watu. Hata kule, kwa wale tunaodhani hutoa kwa ajili ya mgeni tu, safari ya baadhi ilianza na mtu wanayemfahamu.

Kwa hiyo sikubaliani na wanaosema mwanakijiji wa Kiafrika hawezi kumpa damu mtu baki. Kaka wa Mwazye ameanzia palepale walipoanzia baadhi ya wenzake wa Uingereza. Wao walipata huduma iliyowakumbuka.

Soda, biskuti na cheti

Je, alipwe? Tanzania imejibu hapana: damu hainunuliwi wala haiuzwi. Mchangiaji hupewa kinywaji, biskuti, pengine fulana siku ya kampeni, na kadi yake.

Utafiti wa nje haujakubaliana. Göteborg, Sweden, wanauchumi Mellström na Johannesson waliwagawa watu katika makundi, wakachapisha matokeo mwaka 2008. Wanawake walioombwa bure walikubali kwa asilimia 52; walioahidiwa kroni 50 walishuka hadi asilimia 30; walioruhusiwa kuzitoa fedha hizo kwa hisani walirudi kwenye asilimia 53. Kwa wanaume fedha haikubadili kitu cha maana. Watafiti wengine, wakiandika katika jarida la Science mwaka 2013, walikusanya majaribio kadhaa ya uwanjani na kuonyesha kuwa zawadi ndogo huongeza wachangiaji bila kuharibu usalama wa damu.

Mimi ningeanzia kwenye heshima. Mtu aliyetembea kilomita kadhaa akatoa damu, kisha akaambiwa soda zimekwisha, hatasema chochote. Ila amekwisha kuhesabu uzito wa alichotoa machoni mwa waliokipokea.

Stockholm wanafanya jambo ambalo hata halmashauri masikini inaweza kuliiga. Tangu 2012, mchangiaji hupata ujumbe wa simu siku damu yake inapopewa mgonjwa. Hautaji nani, hautaji ugonjwa gani. Unamwambia tu kuwa damu yake imetumika. Simu za vitochi zimejaa Ufipa nzima, na ujumbe wa maneno kumi hauhitaji intaneti.

Hofu isiyo ya kuchekwa

Afrika Mashariki ina kumbukumbu ndefu ya damu iliyochukuliwa. Pwani na bara walivumishwa mumiani, wanyonya damu. Kenya na Uganda walitajwa wazimamoto. Ng'ambo ya mpaka wetu, Zambia ya leo, walikuwa banyama, na katika miaka ya ukoloni hata mapadre wa kimisionari walishukiwa. Mwanahistoria Luise White alizikusanya simulizi hizo katika kitabu chake cha 2000 na kuzisoma kama ushahidi wa jinsi watu walivyouona utawala ule. Zilizungumzia watu wenye sare na vifaa wasioeleza wanakopeleka wanachochukua.

Woga huo haujafa. Kusini mwa Malawi mwaka 2017, uvumi wa wanyonya damu ulisababisha watu kuuawa na makundi yenye hasira, hadi Umoja wa Mataifa ukaondoa watumishi wake katika baadhi ya wilaya.

Mwanakijiji anayeuliza damu inakwenda wapi anauliza swali halali. Tena ana sababu ya karibu zaidi. Malalamiko ya ndugu kudaiwa fedha ili mgonjwa wao apate damu yamesikika nchini kwa miaka mingi. Kila shilingi inayodaiwa kwa chupa iliyotolewa bure huwaondoa wachangiaji wa kijiji kizima, maana habari hiyo hufika nyumbani kabla ya mgonjwa.

Yapo na mengine. Wanaume huogopa kupoteza nguvu za jembe. Ukweli ni kwamba mtu mzima ana damu kama lita tano. Hutoa chini ya nusu lita, maji yake hurudi ndani ya siku moja au mbili na chembe nyekundu ndani ya wiki chache. Wengine huogopa majibu ya VVU. Wengine, kinyume chake, huja ili wapimwe bila kuonekana wakienda kupima, na hao wanapaswa kuelekezwa kwa upole kwenye huduma ya upimaji.

Kundi moja halizungumzwi kabisa: waliotaka wakakataliwa. Utafiti wa kitaifa wa 2022 uliwakuta zaidi ya wanawake wanne kati ya kumi wa umri wa kuzaa wakiwa na upungufu wa damu. Mwanamke akija na moyo wake, akachomwa kidole na kuambiwa damu haitoshi, aondoke na nini? Anastahili vidonge vya madini ya chuma, maelezo ya chakula, na tarehe ya kurudi kupimwa. Akipata neno la "hufai" tu, hata mumewe hataletwa.

> NANI ANARUHUSIWA
> Mwenye umri wa miaka 18 hadi 65, uzito usiopungua kilo 50, afya njema na damu ya kutosha. Mwanamume huchangia kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya miezi minne. Mjamzito na anayenyonyesha husubiri.

Waliozoea kuitana

Ukiondoa ndugu wa wagonjwa, tegemeo kubwa la damu ya hiari katika ukanda huu limekuwa wanafunzi wa sekondari na vyuo. Zimbabwe ilianzisha mwaka 1989 klabu ya vijana wanaoahidi kuchangia mara 25, na wazo hilo likasambaa Afrika. Ni wazo zuri. Udhaifu wa kutegemea shule ulionekana Machi 2020, korona ilipozifunga: gari la damu likakosa pa kwenda kwa miezi kadhaa.

Maafa nayo huamsha watu. Nairobi walipanga foleni baada ya bomu la Agosti 7, 1998, na tena baada ya shambulio la Westgate la Septemba 2013. Foleni za namna hiyo zinagusa moyo, lakini mama wa Kalambo hana kamera za televisheni, na anavuja damu Jumanne ya kawaida.

Mwazye haihitaji kufundishwa kuitana. Ni sehemu ya misheni za zamani za Mapadre Weupe, katika Jimbo Katoliki la Sumbawanga ambalo mizizi yake ni Karema ya 1885. Zipo jumuiya ndogondogo zinazokutana kila wiki nyumba kwa nyumba. Wapo wanawake Wakatoliki wa WAWATA, zipo kwaya, vipo vikoba. Msiba ukitokea, anajulikana anayeandika daftari la rambirambi, anajulikana anayepiga hodi kwa waliochelewa. Mtu asipoonekana, anaulizwa.

Nguvu hiyo ya kuulizwa ndiyo inayoleta watu hospitalini. Kaka alikwenda kwa sababu anampenda dada yake, ndiyo, na pia kwa sababu kutokwenda kungeonekana. Wapo wanaoona kichocheo hicho si hiari safi. Nawaelewa, na ndiyo maana chumba cha maswali lazima kiwe cha faragha, mtu aweze kusema "damu yangu isitumike" bila mwenyekiti wa jumuiya kujua. Lakini kumlinda mtu asibanwe hakutuzuii kumkaribisha. Jumuiya yenye daftari la rambirambi inaweza kuwa na ukurasa wa wachangia damu: jina, kundi la damu, tarehe ya mwisho, tarehe ya kurudi. Majibu ya vipimo yabaki maabara.

Mhudumu wa afya ngazi ya jamii, ambaye tayari anazunguka kaya hizo hizo, anaweza kuwa kiungo kati ya daftari hilo na hospitali. Katekista anaweza kusoma tangazo baada ya misa. Mtendaji wa kijiji anaweza kutoa nafasi kwenye mkutano wa hadhara, mganga akasimama na kusema chupa ngapi zilitoka kata hii na ngapi zimetumika. Kauli hiyo ya hesabu, ikitolewa mbele ya watu, itaua uvumi mwingi kuliko mabango.

Kabla ya mvua

Lipo jambo la kalenda ambalo kampeni za kitaifa hazilioni. Mvua za Ufipa huanza Novemba. Desemba shule zimefungwa, kila mwenye mikono yuko shambani, barabara za vijijini zimekuwa tope, na mbu wa bondeni wanaanza msimu wao. Wachangiaji wanapungua wakati ule ule watoto wenye malaria wanapoongezeka.

Wakati wa kuwaita watu wa Mwazye ni Septemba na Oktoba. Mavuno yamekwisha, gari la damu linapita popote, na wengi waliochangia ndugu zao katikati ya mwaka muda wao unakuwa umetimia. Damu ya Oktoba mwishoni itafika mwanzoni mwa Desemba, na orodha ya watakaofuata iwe tayari kwa zamu ya Januari, hata kama ni kuwafuata kwa pikipiki.

Mwanamume aliyetoa Juni anaruhusiwa Septemba. Mwanamke aliyetoa Juni, Oktoba. Fomu walizojaza siku ile zina majina, vijiji na namba za simu. Kazi ya kuzipitia ni ya jioni moja, na hospitali haihitaji kibali kutoka Dodoma ili mtu mmoja aketi na kuanza kupiga.